Spika za Landrova ya Saning'o

Nyie vijana mna raha, na raha yenyewe hamuijui. Juzi mjukuu wangu kaja hapa na bajaji yake, kafunga redio mpya, inapiga kelele mpaka kuku wangu wamesusa kutaga. Akashuka kanuna.

"Bibi, spika inakoroma."

"Umekagua nini?"

"Nimeangalia kwenye simu."

"Simu imeishika spika?"

Akacheka, mimi nikavuta kigoda nikamwambia sogea, na leo nawaambia na nyie wote mnaofungafunga redio huko mjini. Sauti ikiwa mbaya, usikimbilie kufungua redio. Redio ni ya mwisho. Zima injini kwanza, usikilize. Ikinyamaza kukoroma, ugonjwa uko kwenye umeme wa gari. Ikiendelea, shuka kwenye spika. Weka vidole viwili kwenye ile karatasi yake, hapa na hapa, sukuma taratibu kama unavyobonyeza tumbo la mtoto anayelia. Ikienda laini, nzuri. Ukisikia khrrr, koili, ule waya ulioviringwa nyuma yake, inasugua. Labda spika imepinda kwa sababu umekaza skrubu moja mpaka mwisho ndio ukaenda nyingine. Kaza kidogo kidogo, kwa kupishana, kama unafunga kamba za mzigo wa punda. Halafu chukua betri ya tochi, gusisha kwenye nyaya za spika. Karatasi ikitoka nje kwa huku, na ya upande wa pili nayo itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, hizo mbili zinagombana, muziki unakuwa mwembamba kama uji wa msiba.

Haya yote sikuyasoma. Shule niliacha darasa la pili, nikapelekwa kuchunga. Kazi nilifundishwa na shemeji yangu Margwe, kaka yake mume wangu, Mungu amlaze pema. Alikuwa na banda la redio hapa Karatu, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Ngorongoro, wakati ule mji wenyewe ni maduka machache na vumbi jekundu. Shemeji alikuwa anajua redio kweli, ila mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa sababu ya pombe ya mtama. Siku moja akaniona nashona shanga kwenye ngozi, kazi ya mama yangu ile, sindano nyembamba kama unywele.

"Shemeji," akasema, "wewe mkono wako haujui pombe. Njoo unishikie pasi ya kuchomelea risasi."

"Nikiungua?"

"Ukiungua utakuwa fundi. Mimi nimeungua mpaka nimekuwa mkubwa wa mafundi."

Watu walicheka. Mwanamke kuchomelea redio! Wakawa wakipita wanauliza, "Mama, umebandika maharage humo ndani?" Mimi nawajibu, "Ndio, na yameiva kuliko ya mkeo." Nilifurahi mimi, wajukuu zangu. Mtu analeta boksi limekufa, unaligusa mahali, linaanza kuimba. Ukishaonja hiyo, shamba la ngano linakuchosha.

Ila niwaambie na ile iliyonikata moyo. Kila nikisikia spika inakoroma naikumbuka.

Huyu Saning'o alikuwa kijana wa Kimasai wa Nainokanoka, kule juu ng'ambo ya kreta, kwenye baridi. Alikuwa ananunua na kuuza ng'ombe, akapata Landrova kuukuu. Kule kwao wakati ule gari ikipita watoto wanaacha ndama wanaikimbilia. Akaja bandani, lubega lake jekundu na koti refu juu yake, akaweka boksi mezani. Redio ya gari, mpya kabisa, ya kaseti, stirio, na spika zake mbili. Kaileta kutoka Arusha.

Shemeji akaizungusha mkononi kama mtu anayekagua mtoto wa mwenzie. "Ya nini hii? Unataka kuwachezesha ng'ombe dansi?"

Saning'o hakucheka. "Ni ya mama," akasema.

Akatueleza. Kaka yake mkubwa, Mepukori, mtoto wa kwanza wa mama yake, alichukuliwa na wafadhili kwenda kusoma Ulaya mambo ya mifugo. Alikwenda zamani, mvua nyingi zimepita. Mama yao hasomi, Mepukori akiandika barua inasomwa na mtu mwingine, na mama anasema barua ni mdomo wa anayesoma, sio wa mwanae. Sasa Mepukori kajinasa sauti kwenye kaseti, kampa msafiri mmoja, msafiri kaifikisha Arusha mikononi mwa Saning'o, na mama amekwisha kusikia kwamba sauti ya mwanae imefika. Kule Nainokanoka hakuna hata kinasa sauti kimoja. Mama akamwambia Saning'o: weka chombo ndani ya gari, nimsikie mtoto wangu kabla macho na masikio hayajaniishia. Ng'ombe wa Mepukori wote anawatunza yeye, wanazaa, anawajua kwa majina, anamngojea mwenyewe aje awaone.

"Kaseti iko wapi?" nikamuuliza. "Tuijaribie hiyo hiyo."

"Anayo mama. Ameifunga kwenye ngozi, hakubali itoke."

Basi tukaanza kazi. Na hapo hapo pa kuanzia tukaanguka.

Zamani redio ya gari ilikuwa na spika moja. Waya mmoja wa spika unatoka kwenye redio, wa pili unaubana kwenye bodi ya gari, popote penye chuma, umemaliza. Shemeji alifanya hivyo maisha yake yote. Na hii akaifunga hivyo hivyo. Tukaweka kaseti ya kwaya. Mama yangu! Waimbaji walikuwa kama wamejaziwa kokoto mdomoni.

Shemeji akaing'oa spika mlangoni, akaipakata kwenye goti, akaichukulia nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye redio. Ikaimba, tamu kabisa. Akairudisha mlangoni, akafunga kama kwanza. Kokoto.

"Mlango ndio mgonjwa," akasema.

Tukauwekea mlango blanketi. Tukauwekea ngozi ya mbuzi. Tukauwekea sponji ya godoro. Shemeji akatukana mlango kwa Kiiraki, lugha ya kwetu, akautukana na kwa Kiswahili ili uelewe vizuri. Siku ya pili akiwa amekaa na spika gotini, inaimba, akashtuka kama mtu aliyeonywa ndotoni. Akaangalia nyaya. Gotini, nyaya mbili zinatoka kwenye redio. Mlangoni, mmoja unatoka kwenye redio, mwingine umebanwa kwenye chuma.

"Shemeji," akaniambia polepole, "hizi redio mpya haziutaki mwili wa gari."

Ndio hivyo. Stirio ya namna ile kila spika inataka nyaya zake mbili, zije na zirudi nyumbani kwake, zisiguse bodi. Leo mtoto mdogo anajua. Sisi tuliijua kwa kutukana mlango.

Tukazifunga vizuri, tukatengeneza visanduku viwili vya mbao nyuma ya siti, spika zinaangalia juu. Sauti ikawa safi. Mimi nikacheza pale pale bandani, na mimba niliyokuwa nayo. Saning'o akaangalia redio, akashukuru, akapanda gari akaondoka. Nikamwambia shemeji, "Huyu kijana mbona hana furaha?" Shemeji akasema Wamasai wa kule juu ni watu wa baridi, furaha yao inachelewa kufika usoni.

Haikupita wiki, Landrova hii hapa. Spika zinakoroma.

"Ilikuwaje?" shemeji akauliza.

"Ilianza vizuri," akasema Saning'o. "Boma zima lilikusanyika. Mepukori akasema, 'Yeyo, takwenya.' Ndio salamu yetu, anamwamkia mama. Mama akaitika, 'Iko.' Akalia, wanawake wakaimba. Halafu sauti ikaanza kuharibika, ikawa khrrr, khrrr, mpaka mwisho. Hakusikia kitu kingine."

"Hata neno?"

"Salamu tu. Jana amekaa ndani ya gari toka asubuhi mpaka ng'ombe wamerudi, anasikiliza kukoroma. Anasema mwanae ana kifua, huko Ulaya hawamfuniki."

Nilishika mdomo. Mama mzima kukaa kwenye gari lililosimama, anasikiliza spika mbovu, anatafuta mtoto humo ndani!

Tukafungua. Karatasi za spika zilikuwa zimekakamaa, na juu yake kuna utando mweupe, unapukutika. Shemeji akaugusa, akausugua kwenye vidole.

"Magadi," akasema.

Na sisi wote tukakubali, maana mnajua ile njia. Inapita ukingoni mwa kreta, na kule chini ziwani upepo ukiamka unanyanyua vumbi jeupe la magadi mpaka unalionja mdomoni. Tena juu kuna ukungu, unaingia kila mahali kama maji. Vumbi la magadi na ukungu vikikutana kwenye karatasi, si plasta hiyo? Ilikuwa akili nzuri kabisa. Hata harufu ya maziwa tuliisikia, ila hakuna aliyeihesabu. Gari lote linalotoka kwa wafugaji linanuka maziwa, ndama na moshi. Lisiponuka hivyo ndio ungeuliza.

Tukaweka spika nyingine, tukazifunika na wavu wa chai na kitambaa chembamba. Tukazihamishia mlangoni chini, vumbi lisizipate. Kwaya ikaimba safi. Saning'o akasikiliza kaseti yetu mpaka mwisho kama anayesikiliza hukumu. Akaenda.

Akarudi. Salamu imesikika, mama ameitika, halafu khrrr.

Utando ule ule, umepita kwenye kitambaa. Tukazipeleka juu karibu na paa, tukasema magadi hayapandi mpaka huko. Akarudi! Salamu, mama akaitika, khrrr.

Wajukuu zangu, hapo tulichoka. Msione nacheka, wakati ule sikucheka. Nilibadilisha nyaya zote za lile gari. Nilikwangua rangi mahali pa ethi, pale waya wa umeme unapobanwa kwenye bodi, mpaka chuma kikang'aa. Nilipima betri, nilisikiliza injini ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, niliisafisha meno ile kaseti yetu ya kwaya, maskini, haikuwa na kosa. Nilikuwa nalala naona ile karatasi inapanda na kushuka. Watu wa stendi wakapata wimbo: ukitaka gari lako likorome kama babu yako, lipeleke kwa Margwe. Shemeji akaacha kutania. Siku moja nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye tairi la Saning'o, ameshika bisibisi kama mtu aliyeshika mshumaa.

"Shemeji, tumrudishie mtu redio yake," akasema. "Tumwambie imetushinda."

"Na yule mama?"

"Mama atakufa na kukoroma kwake. Kuna watu wamekufa bila hata kukoroma huko."

Saning'o alikuwa amesimama pale, anasikia. Akasema haraka, "Ndio. Kama imewashinda, imewashinda." Akaanza kufungua mlango wa gari aingie.

Mimi nikakasirika. Hasira yenyewe ilikuwa ya uchungu, maana nilikuwa nimejifungua, maziwa yananidondoka kifuani, na namfikiria mwanamke mwenzangu anasubiri mtoto. Nikaichukua spika ile mbovu, nikauangalia ule utando. Nikaulamba.

Shemeji akashtuka. "Unakula spika?"

Magadi mnayajua nyie? Ukiyalamba yanakukunja ulimi, yanakausha mpaka kooni. Huu utando haukuwa mkali. Ulikuwa mchachu kidogo, na utamu mdogo kwa nyuma, na moshi moshi kama kibuyu kilichosafishwa na kijinga cha moto.

"Shemeji, haya ni maziwa."

"Maziwa yamepandaje mpaka darini kwenye gari?"

Wote wawili tukamgeukia Saning'o. Akaangalia tairi.

"Saning'o, nani anamwagia spika maziwa?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama anabariki gari. Gari likitoka safari linabarikiwa kwa majani na maziwa. Ni kawaida."

"Kubariki ni kunyunyiza," shemeji akasema. "Hizi zimenyweshwa."

Nikasema nitakwenda mwenyewe nione. Mume wangu akagombagomba kidogo, mwishoni akasema, "Nenda, ukachoke mwenyewe." Nikambeba mtoto mgongoni, nikabeba spika mpya, bisibisi, koleo na pasi ya risasi, nikapanda Landrova. Njia nzima Saning'o hakuongea. Pale juu ukungu ulifunga mpaka tukawa tunaenda kwa kukisia, nyati wanatoka mbele yetu kama mawe yanayotembea. Mimi naongea peke yangu, mnanijua. Namwambia, "Furahi basi, leo mama yako atamsikia mtoto." Anasema, "Ndio, mama."

Tukafika. Nikamwona mama mwenyewe. Mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa, jicho moja limeanza kuwa jeupe. Akanishika kichwa, akanitemea mate kidogo ya baraka, mimi na mtoto wangu. Saning'o akamwambia huyu ndio fundi. Mama akacheka kwa furaha, akanishika vidole, akaviangalia kama anatafuta sauti imejificha wapi.

Nikafunga spika nyuma ya siti, kwenye visanduku vyetu vya kwanza. Nikamwambia Saning'o, "Mwambie afanye kama anavyofanya siku zote. Nisimzuie."

Mama akaitoa kaseti kwenye ngozi. Ikawekwa. Kibuyu chake cha maziwa kiko mkononi, na shada la majani mabichi. Sauti ikatoka, ya kijana, nzito, nzuri: "Yeyo, takwenya."

"Iko," akaitika mama, na machozi hapo hapo. Akainama na kile kibuyu. Akapeleka mdomo wa kibuyu kwenye spika, taratibu, kama unavyomnywesha mgonjwa. Hakuwa anabariki gari. Alikuwa anamnywesha mwanae. Mtoto ametoka safari ya mbali, ameamkia mlangoni, utamwacha aongee na koo kavu?

Nilikidaka kibuyu. Nilidaka tu, sikufikiri adabu. Wanawake wakaguna. Nikazima redio.

"Saning'o, mwambie hivi. Mwambie mwanae amekuja na maneno mengi, na huyu akipewa maziwa kabla hajamaliza, anapaliwa. Ndio maana anakoroma. Mwache aseme yote. Akimaliza ndio ampe."

Saning'o alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mteja. Ni kama nilikuwa nimeshika kisu na yeye ndio mbuzi. Nikadhani hajaelewa Kiswahili changu, nikarudia. Mama naye akawa anamhimiza, anasema, kasemaje, kasemaje? Basi akamwambia.

Mama akasikiliza kwa makini. Akaangalia spika, akaangalia kibuyu. Nikaona imemuuma, yaani ni yeye amekuwa anampalia mwanae siku zote hizi! Akakaa kwenye siti, kibuyu akakipakata mapajani, mkono juu ya mdomo wake. Akaniashiria: washa.

Nikarudisha mwanzo. "Yeyo, takwenya." "Iko." Na sauti ikaendelea.

Wajukuu zangu, ile sauti! Ilitoka kama maji ya chemchemi. Ulikuwa unasikia akimeza mate. Ulikuwa unasikia kiti kinalia alipokalia, huko Ulaya. Hakuna hata mkwaruzo mmoja, kulia na kushoto zimelingana kama magunia ya punda. Kimaa, lugha yao, sikijui, maneno hayakunihusu, mimi nilikuwa nasikiliza kazi yangu. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nilitamani shemeji angekuwepo. Nikamwinua mtoto wangu juu nikamwambia, sikia, sikia mama yako alichofanya!

Ndio nikaona ninacheka peke yangu.

Nikawaangalia wale wanawake. Mmoja alikuwa amevuta shuka usoni. Mwingine alianza kurudi nyuma taratibu, kama unavyoondoka mahali ambapo hupaswi kuwepo. Na mama alikuwa amekaa vile vile na kibuyu chake, hatingishiki, macho kwenye spika. Sauti inaendelea kuongea, safi, haikosi hata pumzi. Ikafika mahali ikasita, ikasema kitu kifupi, kaseti ikabaki inazunguka haina mtu.

"Amesema nini?" nikamuuliza Saning'o.

Saning'o alikuwa ameegemea mlango wa gari, kanipa mgongo. "Amesema ng'ombe wake nipewe mimi," akasema. "Wote. Amesema ana mke huko na watoto, na hatarudi. Amesema mama asimngojee."

Kwa hawa watu, wajukuu zangu, mtu kutoa ng'ombe wake wote akiwa hai ni kama amejifukia mwenyewe.

Mama akageuza kichwa. Akamuuliza Saning'o neno moja. Sikuhitaji kutafsiriwa, alikuwa anamuuliza kama alijua. Kaseti ilipita Arusha mikononi mwake, na Arusha vinasa sauti vipo. Saning'o akaangalia chini. Alikuwa amesikiliza zamani, kabla hata ya kuja kwetu na boksi lake. Alishindwa kumwambia mama, akashindwa na kumnyima alichoagiza. Akawa anatuletea gari tutengeneze, huku anamwona mama anamwagia maziwa, na yale maziwa ndio yalikuwa yanamsaidia.

Mimi nikasimama pale na bisibisi yangu. Mnajua mkono wa fundi, ukimaliza kazi unatafuta kitu cha kukaza. Nikakaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa.

Mama akaniita. Alinishika mkono, sio kwa ubaya, akaongea na mimi kwa Kimaa, maneno machache, anaonyesha spika, halafu anaonyesha koo lake, halafu spika tena. Akamaliza akawa ananingoja.

"Anasemaje?"

Saning'o akageuka. "Anasema wewe ni fundi kweli. Anasema uirudishe ilivyokuwa. Ile ya kukoroma."

Nimefanya kazi ile mpaka vidole vikaacha kusikia joto la pasi. Wameniletea redio zilizoanguka mtoni, redio zilizoliwa na mbuzi, redio zilizopigwa ngumi na walevi. Wote walitaka sauti itoke. Sikufundishwa na shemeji, wala na mtu mwingine, nimfanyie nini mtu anayetaka isitoke tena, anayetaka lile khrrr ambalo ndani yake mtoto alikuwa na kifua tu, na kifua kinapona.

"Yeyo, siwezi," nikamwambia. "Ameshasikika."

Saning'o hakutafsiri. Mama akawa ananiangalia mdomo, bado anangoja. Nikasema tena, kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya juu kidogo, kama vile ukisema polepole mtu ataelewa lugha asiyoijua. Siwezi, yeyo. Hii haitengenezwi.

Akaniachia mkono. Akatafuta kifuniko cha kibuyu kwenye siti, akakifuta vumbi kwa kidole, akafunika maziwa, akashuka kwenye gari.